Chupa ya kioo: ya kurudisha na ya kutupa si ndugu

Mkuu, umeuliza kama soda ya chupa ya kurudisha na juisi ya chupa ya kutupa ni sawa kwa mazingira, maana zote ni kioo. Si sawa hata kidogo. Kuyeyusha mchanga, magadi na chokaa kunataka tanuri la nyuzi 1,500 hivi, linalowaka usiku na mchana. Ya kutupa inabeba moto wote huo kwa kinywaji kimoja. Ya kurudisha inaugawa kwa safari 20 na zaidi.

Nenda dukani kwa Mangi uitazame chupa ya soda. Ule mkwaruzo mweupe kiunoni umetokana na kugongana na wenzake kwenye kreti na mashine. Kuiosha kiwandani kunakula maji ya moto na dawa kali, ndiyo, ila tanuri linakula zaidi.

Kinachoiponza ni umbali, maana kioo ni kizito. Kiwanda kikiwa hapa hapa Dar es Salaam na mnywaji yuko Mbagala, sawa. Kreti tupu likirudi kutoka mikoa ya mbali, dizeli inaitafuna faida.

Na ile ya juisi? Waokota makopo wa mtaani kwangu wanachukua plastiki, hiyo ya kioo wanaipita. Safari yake ni dampo la Pugu Kinyamwezi.