Mbao za nje za jakuzi zimeoza

Dada wa Mbezi Beach, nimekuelewa: jakuzi lenyewe (beseni kubwa la kuogea lenye pampu) ni zima, ila mbao za nje zimeoza na skrubu zimeshika kutu. Kuoza ni unyevu, kutu ni chumvi ya bahari, fundi wako usimlaumu sana.

Kwanza zima umeme kwenye swichi kuu. Fungua ubao mmoja mmoja huku ukipiga picha. Ule wa zamani ndio kipimo cha kukatia mpya. Mimi nilinunua mtiki kule Keko, Dar, nikaupaka vanishi pande zote, hata kingo. Plaiwudi ya kawaida niliwahi kuiweka, ikafumuka masika ya kwanza tu! Skrubu ziwe za stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Matundu ya hewa usiyazibe, na upande wa pampu ufunguke kirahisi.

Ukikuta maji yanavuja au waya umechubuka, ishia hapo, mwite fundi umeme mwenye leseni.