Kabla Hujanunua Kalamu ya Kuchorea Kwenye Kioo

Kalamu yangu ya kwanza ya kuchorea kwenye kioo cha kishikwambi ilikuwa na ncha ya mpira, nene kama kidole cha mtoto. Nikachora jicho, likatoka yai. Nilijilaumu bure. Vioo vingi vya kugusa hutambua kidole kwa sababu mwili unapitisha umeme, na kalamu ya mpira inakifikishia kioo mguso wako tu. Hakijui hata kama umeshika kalamu. Ndiyo maana ncha inakuwa nene. Zile zenye kisahani cha plastiki angavu ni afadhali, maana unaona unapogusa, ila ukandamize usikandamize, mstari ni uleule.

Ya pili nikajitutumua: ina betri, ncha nyembamba, sifa kedekede. Nilipoifikisha kwenye kishikwambi changu, kimya. Kalamu za namna hii huelewana na vifaa maalumu tu. Apple Pencil ni ya iPad, na hata hapo si kila toleo linakubali kila iPad. S Pen ya Samsung nayo inataka kioo kilichoundwa kuipokea. Kwa hiyo usianze na kalamu. Anza na jina la kifaa chako, modeli mpaka tarakimu ya mwisho, uone mtengenezaji mwenyewe anakubali kalamu zipi. Kama hakuna hata moja, chukua ya kisahani, pesa nyingine ibaki mfukoni.

Kwa mchoraji, swali kubwa ni hili: je, inahisi mkandamizo? Ukibonyeza mstari unenepe, ukilegeza mkono ukonde. Bila hilo utachora, lakini kila mstari utakuwa kama waya. Wala usidhani jina kubwa linatosha. Apple Pencil ya USB-C iliyotoka 2023 haina uwezo huo, ilhali ile ya kwanza ya 2015 inao. Nyingi za bei nafuu zinazouzwa kwa ajili ya iPad huhisi mlalo wa kalamu tu, jambo linalofaa kupaka kivuli na si zaidi. Ukiona tangazo linajisifu kwa viwango 4096 vya mkandamizo, usibabaike. Mkono wangu haujawahi kuvihesabu.

Ukipata nafasi ya kuijaribu, laza kiganja kwenye kioo kama unavyoandika daftarini, kisha vuta mstari wa mshazari taratibu sana. Kiganja kisiache alama kwenye mchoro, na mstari usitoke na mawimbi. Kalamu mbovu huumbuka hapo, kwa sababu ukichora haraka zote huonekana nzuri.

Kuhusu chaji sina mengi, ila S Pen hupata nguvu ya kuchorea kutoka kwenye kioo chenyewe, raha kwa msahaulifu kama mimi. Ulizia pia ncha za akiba. Ukibandika kinga ya kioo yenye mkwaruzo wa karatasi, mkono utafurahi lakini ncha zitaisha upesi. Yangu ya sasa iko kwenye ncha ya tatu.