Wasomaji Wanauliza: Nikishuka kwenye boti Zanzibar nikale wapi?

Dada habari za kazi. Mwezi ujao tunakuja Zanzibar wikiendi, mimi, mume wangu na mama mkwe, tunapanda boti ya kwanza kutoka Dar. Sasa shida yangu ni hii, mume wangu kaona mapicha ya watu wanakula branchi, kile chakula cha kati ya asubuhi na mchana, juu ya paa na yeye anataka hivyo hivyo, kapuchino, keki na bahari mbele yake. Mama mkwe magoti yanamsumbua, ngazi hawezi, na akila mkate na yai anasema hajala. Hela yetu ni ya kawaida. Naomba utuelekeze sehemu nzuri za Mji Mkongwe tusije tukazunguka na njaa.
Mama Ilham, Morogoro

Mama Ilham nzuri kabisa, karibuni sana Unguja. Umefanya vizuri kuuliza mapema maana wageni wengi wanakula vibaya hapa sio kwasababu chakula hakuna ila wanafika saa siyo.

Boti ya saa 1 asubuhi inakufikisha bandarini Malindi kwenye saa 3 hivi, na hiyo saa 3 ndio wakati mtamu kuliko yote wa kula mjini, vya asubuhi bado vipo na vya mchana vinaanza kutoka jikoni. Sasa watu wengi wakishuka wanakwenda kwanza hotelini, wanaoga, wanajinyoosha kidogo, wakija kutoka ni saa 5 na nusu, maharage ya nazi yameisha na chapati zilizobaki zimeshakuwa ngumu, hapo ndio unasikia mtu anasema chakula cha Zanzibar kinasifiwa bure. Nyinyi mkishuka nendeni moja kwa moja mkale, mabegi ya siku mbili hayana uzito.

Alafu msihangaike kutafuta sehemu moja ya kuwaridhisha wote watatu. Ikipatikana itakuwa ghali na mama bado atakuwa hajashiba. Mji Mkongwe ni mdogo, kuleni sehemu moja kahawa mkanywe sehemu nyingine, katikati ni matembezi mafupi tu na mama atakuwa ameshapata nguvu.

Pa kula ni Lukmaan, Mkunazini, pale penye mbuyu mkubwa. Chukueni taksi bandarini, dereva yeyote anapajua na gari inafika karibu, mama hatahitaji kupenya vichochoro na njaa. Ukiingia usikae ukasubiri uletewe menyu, nenda mpaka kwenye kioo, vyakula vimepangwa unaviona kwa macho yako unaonyesha unachotaka. Wenyeji wanakula pale, wageni wanakula pale, na bei haitawatoa jasho. Kwa saa hizo mimi ningechukua chapati na kitu cha nazi, maharage au muhogo au ndizi mbichi kama zipo siku hiyo, lakini kabla hujaagiza liangalie tui. Tui lililoiva linakuwa zito, limeshika chakula na juu yake kuna kijimafuta kinang'aa kidogo, hilo chukua bila wasiwasi. Likiwa jepesi linakimbia kwenye sahani kama maziwa ya chai basi limetiwa haraka, muombe akupe kingine, hakuna atakayekununia. Mama mkwe mchukulie na chai ya viungo na kama pilau imeshatoka mpe na pilau, asubuhi asubuhi wala sio ajabu, kwetu mtu anakula anachokitaka.

Kama mama amechafukwa na boti na hataki hata kuingia kwenye gari, kuna Passing Show hapo hapo Malindi, sio mbali na bandari. Hii ni mkahawa wa siku nyingi, sifa yake ni pilau na biriani, kwahiyo inapendeza zaidi kuanzia mchana. Mimi ningeiweka siku ya kurudi, mle kabla ya boti.

Sasa mume wako. Mkimaliza Lukmaan ingieni ndani ya mitaa dakika chache mpaka Zanzibar Coffee House, ni nyumba ya zamani hasa, milango ya mbao na kuta nene zile, ndani kuna ubaridi hata jua likiwa kali. Kahawa yao ni ya uhakika, keki zipo, na mama anakaa hapo hapo chini bila kupanda ghorofani. Baba Ilham yeye aombe kupanda juu ya paa apige mapicha yake, ngazi ni za zile nyumba za kale, zimesimama, ashike ukuta. Lakini mwambie mapema akifika kule juu atauona mji zaidi, mabati yenye kutu, minara ya misikiti na ile minara miwili ya kanisa la Mtakatifu Yosefu. Mimi binafsi naona huo ndio uzuri wenyewe, bahari ipo kila mahali kisiwani lakini mapaa yale hayapo pengine.

Bahari mpeleke jioni, Africa House kule Shangani, ambayo zamani ilikuwa klabu ya Waingereza iliyoanzishwa 1888, baraza yake inatazama magharibi na jua linazama mbele yenu. Pombe inauzwa pale, mkiwa hamtumii agizeni soda au juisi mkae kwa amani. Ila wahini, saa 11 jioni muwe mmeshakaa maana watu wote wanakwenda kwa ajili ya hilo hilo jua.

Jumapili kama mume bado anadai mayai na tosti na juisi kwenye meza ya nje, Stone Town Cafe ipo barabara ya Kenyatta, Shangani, ni ya chini, mama atakaa anatazama watu wanaopita. Jirani na barabara hiyo hiyo kuna Lazuli, ni kadogo, kazi yao kubwa ni juisi nzito za matunda na vyakula vyepesi. Zile hoteli kubwa za ufukweni kama Park Hyatt, iliyofunguliwa 2015 ndani ya jumba la Mambo Msiige, bufee ya asubuhi ni kitu kingine kabisa, lakini na bei yake ni kitu kingine kabisa, kwa safari yenu hii ningesema hela hiyo mnunulieni mama karafuu na iliki za kurudi nazo.

Mambo vipi dada. Nafanya kazi kwa laptop na ntakaa Unguja kama mwezi. Natokea Arusha kwahiyo kahawa naijua, sitaki ile ya unga wa kopo. Ni wapi naweza kukaa nifanye kazi na ninywe kahawa ya maana?
Kijana wa Arusha

Poa mdogo wangu. Kahawa sio zao letu, hapa ni karafuu, kwahiyo kahawa nzuri utakayokunywa itakuwa imevuka maji kutoka bara. Hiyo Zanzibar Coffee House niliyomtajia Mama Ilham wanatumia kahawa ya Utengule, Mbeya, arabika, wewe mtu wa Arusha utaipima mwenyewe na ile ya kwenu. Kwa kazi ya laptop nenda pale asubuhi kabla watalii hawajajaa, au Stone Town Cafe ukipata kona ya kivuli. Uliza hali ya intaneti kabla hujaagiza, njoo na chaji imejaa kwasababu umeme unaweza kukatika, na tafadhali usishike meza ya watu wanne kutwa nzima kwa kikombe kimoja, agiza na chakula, hawa watu wanalipa kodi ya jengo.

Lakini ukikaa mwezi mzima na usinywe kahawa ya barazani ntakulaumu. Nenda Jaws Corner, pale vichochoro vinapokutana, jioni baada ya alasiri. Kahawa inachemshwa kwenye dele, lile birika la kahawa, juu ya makaa, nyeusi, chungu, haina sukari hata chembe, unapewa kwenye kikombe kidogo cha kauri ambacho ukikishika vibaya kinakuunguza, unashika kwa juu kwenye ukingo kwa ncha za vidole. Utamu wake unatoka pembeni, kipande cha kashata au haluwa, unatafuna kidogo unapiga funda kidogo. Bei yake ni ndogo sana, kwahiyo kuwa na chenji, usimtolee muuzaji noti kubwa. Toa salamu kabla hujakaa, ukimaliza rudisha kikombe mkononi mwake kwasababu kuna mwenzio anakisubiri, na kama watu wanacheza dhumna au bao usiwapige picha bila kuomba. Laptop iache nyumbani siku hiyo. Wazee wa pale wakikuzoea utasikia habari zote za mji, siasa, mpira, nani kaoa nani kaacha, huko kwenye kahawa za kiyoyozi huzipati.

Dada, mimi nipo Nairobi na likizo yangu imeangukia Ramadhani. Watu wananitisha kwamba Zanzibar ntakufa njaa. Mimi sio Muislamu. Niahirishe?
Msomaji, Nairobi

Usiahirishe. Mchana mikahawa mingi ya wenyeji inafunga kweli, na kula au kunywa barabarani sio heshima hata kama hufungi, hata chupa ya maji weka kwenye mkoba. Hoteli yako itakupa chakula cha asubuhi na cha mchana ndani, hilo hakikisha wakati wa kubuki. Baada ya hapo subiri magharibi, kwasababu chakula kizuri cha mwaka mzima kinapikwa mwezi huo, tambi za kukaanga kwa sukari na iliki, mkate wa kumimina, mihogo ya nazi na samaki, kaimati, uji wa pilipili manga, na mji unakesha. Ukialikwa futari nyumbani kwa mtu nenda, usikatae, chukua tende au matunda mkononi. Bustani ya Forodhani nayo usiku inawaka taa na moshi wa mishkaki, juisi ya miwa imekamuliwa na ndimu na tangawizi mbele yako, ila pale uliza bei kabla ya kuwekewa sahani na chagua meza ambayo vyakula vya baharini vinachomwa upya unaona, sio vilivyopashwa mara ya pili.

Rafiki yangu hali nyama wala samaki. Je ataweza kula urojo? Na urojo ni wa asubuhi au jioni?
Bibi Harusi Mtarajiwa, Tanga

Hongera kwanza! Ataweza vizuri sana. Urojo wenyewe ule wa njano ni unga, bizari na uchachu wa embe mbichi au ndimu, nyama kwa kawaida inakuja kwenye mishkaki na hiyo inawekwa juu mwishoni. Amwambie muuzaji mapema "usinitilie mishkaki", na kama yai pia hali aseme. Atabaki na viazi, bhajia za dengu, kachori, chatne ya nazi na zile chipsi za muhogo za kuvunjiwa juu, na hizo ndio zinazofanya urojo uwe urojo, azile haraka kabla hazijalainika. Pilipili aombe pembeni, pilipili za kwetu hazina utani. Wauzaji wengi wanaanza kukolea kuanzia mchana kwenda jioni, asubuhi sana hatapata.

Akitaka kukaa mezani kwa utulivu kuna Radha, Shangani, ni mkahawa wa Kihindi wa mboga mboga tu, pale hahitaji kuuliza kitu kimepikwa na nini.