Maswali na Majibu ya Kompyuta: Feni Inapuliza Baridi, Prosesa Inaungua

SWALI: Nikifungua programu nzito kwenye kompyuta mpakato yangu, prosesa inafika nyuzijoto 97 ndani ya dakika moja, kisha mashine inakuwa nzito. Feni inazunguka kwa kasi lakini hewa inayotoka ni baridi. Grisi iliyo kati ya prosesa na bamba la shaba nimeshabadilisha. Fundi anasema bomba la shaba linaloondoa joto kwenye prosesa limekauka. Atalitoboa, atie maji, alizibe kwa risasi. Nikubali?
Msomaji, Mbale

JIBU: Usikubali, ingawa kuhusu bomba huenda fundi amepatia. Prosesa ikiungua na hewa ikatoka baridi, joto halifiki kwenye mapezi, yaani vibati vyembamba vinavyopulizwa na feni. Ama bamba la shaba halijakaa sawa juu ya prosesa, ama bomba limekufa.

Anza na bamba. Lifungue utazame alama ya grisi. Ikiwa imetandaa upande mmoja tu, skrubu zilikazwa vibaya: fuata namba 1 hadi 4 zilizochapwa kando yake, kaza kila moja nusu, kisha rudia. Grisi ya kiasi cha punje ya mchele inatosha.

Alama ikiwa nzuri, pima bomba. Ondoa feni, tumbukiza upande wa bamba sentimita 2 hivi kwenye kikombe cha maji ya nyuzijoto 70, shika mapezi kwa vidole. Kwa bomba zima joto hupanda kwa sekunde chache tu, utaachia mwenyewe. Lililokufa huwa moto karibu na maji, huku juu likichelewa sana kupata joto.

Ndani ya bomba hilo hewa imetolewa, na maji yaliyomo mara nyingi ni gramu 1 au pungufu. Pasipo hewa, maji huchemka hata kwenye nyuzijoto 30. Mvuke hukimbilia mapezi, hugeuka maji, na utambi wa unga wa shaba ulioshikana ukutani huyarudisha kwenye prosesa. Likitobolewa, hewa inaingia. Hata likijazwa na kuzibwa, mvuke huisukuma hewa hiyo hadi ncha ya mapezi, nayo hukaa hapo kama kizibo. Tena kulehemu bomba lenye maji ni hatari: maji yaliyofungiwa yakifika nyuzijoto 230, shinikizo lake ni karibu mara 28 ya lile la hewa. Linaweza kumpasukia fundi usoni.

Nunua kipuri kizima, kwa namba iliyo kwenye kibandiko chake. Jina la modeli halitoshi, maana modeli ileile huweza kuwa na toleo la bomba moja na la mabomba mawili, na matundu ya skrubu yasilingane. Ukinunua cha mtumba Kampala, kipime kwa kikombe kabla ya kulipa. Kilichominywa au kupindwa kona kali, kiache.

SWALI: Nikiilaza kompyuta ya mezani, mabomba ya kupozea yataharibika?
Msomaji, Gulu

JIBU: Hapana. Utambi wa unga wa shaba hupandisha maji hata prosesa ikiwa juu ya mapezi. Bomba lenye mifereji tu ukutani, bila utambi wa unga, ndilo hulemewa hapo. Pima joto mashine ikiwa imesimama na ikiwa imelala, kwa kazi ileile. Tofauti ya nyuzijoto 2 au 3, puuza. Ikifika 15, shuku utambi.