Kumpima mtoto mmoja: je, kadi za nyota ndizo zilizomtuliza?

Mwalimu wa Mafinga, unampa mwanafunzi wako kadi za nyota kama tuzo ili atulie kitini, na mkuu wako wa shule anasema mtoto mmoja hathibitishi kitu. Anathibitisha, mradi alinganishwe na yeye mwenyewe.

Shida ni kwamba ulianza kumpa nyota siku ileile ulipomhamishia dawati la mbele, kwa hiyo hujui kipi kimepunguza kuinuka-inuka kwake. Mwache hapohapo mbele, sitisha nyota, na kila kipindi cha hesabu piga alama daftarini kila anapoinuka. Subiri idadi itulie. Kama bado inashuka yenyewe, usiguse kitu. Kisha rudisha nyota, ziondoe, zirudishe tena. Kuinuka kukishuka kila zikiwapo na kupanda kila zikiondolewa, mkuu hatakuwa na la kusema.

Ila kufunga vifungo vya sweta (na kwa baridi ya huko anavihitaji kweli) usikupime hivyo, maana akishajua amejua. Hapo fundisha kwa zamu: vifungo kwanza, huku ukiendelea kupima kamba za viatu na kunawa mikono ambavyo hujaanza kufundisha. Kila kimoja kinapaswa kupanda zamu yake ikifika tu, si kabla. Watafiti wa tabia Baer, Wolf na Risley walizieleza njia zote mbili mwaka 1968.

Angekuwa anajiumiza, nisingekushauri uondoe nyota.