Mteja karudishiwa hela yote, na kinyago kabaki nacho

Shikamoo anti. Mimi nauza vinyago pale Mwenge, mwaka jana binamu yangu anaeishi Ujerumani akatufungulia duka kwenye soko moja la mtandaoni la huko nje, yeye anasimamia akaunti mimi napiga picha na kutuma mizigo. Tulianza vizuri tu. Sasa kuna mama mmoja wa hukohuko Ujerumani alinunua kinyago cha mpingo, kwa hela yetu kama laki 3, fundi nilimpa 110,000 na posta nikalipa 95,000. Kikafika salama na akakisifia, wiki ya tatu anaandika kimepasuka toka shingoni mpaka kiunoni anataka hela yake yote. Nikaona huyu tapeli nikamkaushia, binamu nae alikuwa bize. Siku chache tu soko limekata hela kwenye akaunti yetu limemrudishia, na kinyago hajarudisha! Hizi garantii za soko za kumrudishia mnunuzi hela si zinatuua sisi wadogo? Nifunge duka?
Muuza vinyago, Mwenge

Marahaba mwanangu, pole sana, laki 3 kwa mtu anaeanza ni mtaji huo.

Nianze na kinyago chenyewe. Mpingo ni mti mzito mno, ukiutumbukiza kwenye maji unazama, na kukauka kwake ni taratibu sana, sasa fundi akichonga gogo ambalo ndani bado bichi, hapa Dar hutaona kitu maana hewa yetu ina unyevunyevu wa bahari mwaka mzima. Kipeleke Ulaya kipindi cha baridi, nyumba inapashwa joto mchana na usiku, hewa ndani inakuwa kavu kabisa, mti unasinyaa kwa nje kabla ya ndani, unapasuka. Kwahiyo huyo mama inawezekana kabisa anasema kweli na wala hakukuibia. Waulize wazee wa hapohapo Mwenge, wanajua gogo lipi limekaa kivulini muda wa kutosha na lipi limeletwa juzi.

La pili ni kumkaushia mteja, yaani kutomjibu. Mwanangu, hapo ndo hela ilipopotelea. Kwenye haya masoko kukaa kimya ni sawa na kukubali kosa. Mfano eBay, mnunuzi ana siku 30 toka mzigo ufike kusema bidhaa sio kama ilivyoelezwa, muuzaji ana siku 3 za kazi kutafuta suluhu, zikipita mnunuzi anaweza kuwaita wenye soko waamue. Na kama kosa ni la bidhaa, nauli ya kurudisha ni ya muuzaji, usipoitoa anaweza kurudishiwa hela na mzigo akabaki nao. Amazon wanampa mnunuzi mpaka siku 90, na PayPal, wanaopitisha malipo ya mtandaoni, siku 180 kufungua malalamiko. Soko lenu lina muda wake, msome na binamu yako leo hii muuandike ukutani, na kuanzia sasa meseji ya mteja ijibiwe siku hiyohiyo hata kama ni ya matusi.

Umeuliza kama ni haki. Nitakwambia ninavyoona mimi. Bila hiyo garantii, yule mama asingetuma laki 3 kwa mtu asiemjua, aliyeko Dar, asiekuwa na duka analoweza kwenda kugonga mlango. Garantii ndo inakuletea mteja, hilo tukubali. Lakini gharama yake haigawanyiki sawa na hapo naumia pamoja na wewe, maana duka linalotuma oda 1,000 likipoteza 5 halishtuki, wewe ukipoteza moja umepoteza 205,000 za fundi na posta, wakati faida yako kwa kinyago ni kama 95,000 kabla ya makato ya soko, yaani inabidi uuze vingine viwili na zaidi ndo urudi ulipokuwa. Na hata wenye soko wangekupa ushindi, mteja aliyelipa kwa kadi anaweza kwenda kulalamika benki kwake, Marekani kwa mfano haki hiyo ya wenye kadi ipo kwenye sheria toka 1974.

Kwahiyo hasara iweke kwenye bei mapema. Tuseme kwenye oda 20 moja itaharibika, chukua 205,000 gawanya kwa zile 19 zilizobaki, inakuja kama elfu 11. Ongeza hiyo kwenye kila kinyago na uiweke pembeni, usiile. Alafu anwani ya kurudishia mizigo iwe kwa binamu yako, mteja wa Ujerumani akirudisha Ujerumani nauli ni ndogo, na binamu akikipokea anaweza kukiuza hukohuko kwa bei ya chini kama chenye ufa. Kuna wateja pia ukiwaomba wabaki nacho uwarudishie nusu wanakubali, ila uombe vizuri na mapema.

Matapeli wapo, sikatai, wapo wanaorudisha kitu kingine kabisa. Weka alama yako chini ya kinyago, piga vidio ukifunga mzigo, na risiti ya posta yenye uzito usiitupe, maana ukirudishiwa boksi la kilo 1 wakati ulituma kilo 4 hiyo risiti itakusemea. Na kwenye maelezo ya bidhaa andika kabisa kwamba mti huu usiwekwe karibu na hita. Duka usifunge.

Anti mambo, nauza madera Insta, niko Sinza. Nikiandika "bidhaa ikiuzwa hairudishwi" si nimemaliza?
Mama wa madera

Poa mdogo wangu. Hujamaliza. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina vifungu vya kumlinda mnunuzi wa mtandaoni, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, dera la pamba kwenye picha likifika ni nailoni hilo tangazo lako halikusaidii. Andika hivi: kubadilisha saizi siku 3, nauli ya bodaboda analipa mteja, dera likiwa na kasoro nauli nalipa mimi. Alafu mwambie boda asiondoke mpaka mteja afungue mfuko alitazame dera mbele yake, na akupigie picha akiwa bado pale mlangoni.