Jibu: Kuwatafuta wenzenu wa bweni wa 1986
Assalamu alaikum, ndugu yangu. Umeuliza namna ya kuwapata wenzenu wa bweni, na umekwama kwa kuwa una picha ya kidato cha nne cha 1986, lakini wengi unawakumbuka kwa majina ya utani tu. Nilipowatafuta wenzangu hapa Mombasa, nilianza na daftari la shule la kuandikisha wanafunzi, kwani nambari ya mwanafunzi haibadiliki hata jina likibadilika. Kisha mpelekee picha mpishi mstaafu wa shule, ambaye, kwa maoni yangu, huwakumbuka wapenda ukoko kuliko mwalimu yeyote. Kwa kuwa darasa lenu lilitangulia mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu), ulioondoa kidato cha tano na cha sita, baadhi yao waliendelea na kidato cha tano na cha sita kwingineko. Ulizia huko pia. Ukigundua mmoja wao ni marehemu, usiandike habari zake kabla ya kupata idhini ya jamaa zake.